Saa Isimame Wapi? Juu ya Kupima Barua Ziendazo Ng'ambo

Katika miaka niliyokaa kwenye meza ya barua za ng'ambo, katika afisi moja ya posta ya mwambao, ilikuwa ada yetu kila mwisho wa mwezi kubandika ubaoni karatasi yenye kueleza ni barua ngapi katika kila mia zilizosafirishwa kwa wakati uliopangwa. Siku moja alikuja bibi mmoja wa rika la mama yangu, mkononi ana risiti ya barua ya rejista aliyompelekea mjukuu wake Maskati, akasimama mbele ya ubao ule akaifuatisha karatasi kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akanigeukia. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Mwanangu, hizi mlizoandika hapa kuwa zimekwenda kwa wakati, na yangu imo?" Nikamjibu kwamba imo, kwani gunia lake lilitiwa lakiri na kupelekwa uwanja wa ndege siku ile ile iliyopasa. "Na mbona yeye hajaipata?" Sikuwa na jawabu.

Hesabu yetu haikuwa ya uongo. Kila gunia lililoandikwa kuwa limeondoka, kwa hakika liliondoka. Lakini tangu siku ile nimeshika itikadi moja, nayo ndiyo nitakayo kumweleza msomaji kwa urefu kidogo: kwamba kipimo cha barua zitokazo nchini, hata kikifanywa kwa amana kubwa namna gani, hakimfai mwenye barua mpaka aambiwe saa ilisimamishwa wapi, na ni barua zipi zilizoingia katika hesabu na zipi zilizoachwa nje.

Barua iendayo nchi za nje hupita mikono mingi kuliko ile ya kutoka Tanga kwenda Dodoma. Hutiwa sandukuni, hukusanywa, hugongwa muhuri, hupelekwa katika afisi maalumu ambayo watu wa posta huiita afisi ya mabadilishano, maana hapo ndipo posta ya nchi moja inapofunga magunia ya kukabidhi posta ya nchi nyingine. Kisha hupanda ndege, hupokewa katika afisi ya mabadilishano ya kule iendako, hupita forodhani ikiwa imebeba bidhaa, ndipo iingie katika mkoba wa tarishi na kufika mlangoni pa mwenyewe. Umoja wa Posta Duniani, uliozaliwa Bern, Uswisi, tarehe 9 Oktoba 1874, umezipa nukta za safari hii, kwa vitu vyenye kufuatiliwa, majina ya herufi tatu tatu: EMA ni kupokewa kitu kwa mpelekaji, EMC ni kuondoka katika afisi ya mabadilishano ya nchi kitokako, EMD ni kufika katika afisi ya nchi kiendako, na EMI ni kukabidhiwa mwenyewe. Baina ya EMC na EMD ndipo dhima inapohama kutoka posta moja kwenda nyingine, na hapo ndipo hesabu nyingi za barua zitokazo zinapokatika.

Mfano ulio bayana ni wa Shirika la Posta la Marekani. Huko sheria yataka kwamba kila mwaka, katika muda wa siku 90 baada ya kufungwa mwaka wa fedha tarehe 30 Septemba, shirika lilete taarifa ya kazi yake mbele ya Tume ya Udhibiti wa Posta, iliyopata mamlaka yake ya leo kwa sheria ya Desemba 2006. Kwa barua za kawaida ziendazo ng'ambo, kipimo kilichozoeleka humo kimekuwa ni cha mwendo wa ndani ya nchi tu, tangu barua kuingia mikononi mwa posta hadi kufika katika kituo cha kimataifa, kama kile cha New York au Chicago au Miami. Sababu yake si hila. Posta haina amri juu ya ndege iliyochelewa, wala juu ya forodha ya nchi nyingine, wala juu ya tarishi wa mji isioujua. Na si insafu kumtoza mtu kosa la mwenzake. Mimi naikubali hoja hiyo kwa upande wa kumhukumu karani. Kwa upande wa kumwarifu mteja siikubali, kwa kuwa mteja hakununua stempu ili barua yake ifike Miami.

Ulaya walishika njia nyingine. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 1997 uliagiza kwamba barua za daraja la haraka zivukazo mipaka ya nchi wanachama, 85 katika kila mia zifike kabla ya kupita siku tatu za kazi tangu siku ya kutiwa posta, na 97 katika kila mia kabla ya kupita siku tano. Na saa yao haisimami mpakani, husimama mlangoni pa mpokeaji. Kipimo chenyewe, kiitwacho UNEX, kilichoanza 1994 chini ya International Post Corporation ya Brussels, hutumia watu wa kawaida walioandikiana barua za majaribio, ambazo ndani yake mna kidude chembamba chenye kutoa mawimbi kila kipitapo chini ya mlango wa mashine, hata ikajulikana barua ililala wapi na kwa muda gani. Nalo lililoipa hesabu hii nguvu ni fedha: posta za Ulaya zilikubaliana kwamba ile itakayochelewesha barua za wenzake ipunguziwe malipo. Nchi mbili zikiwa na dhima moja ya safari nzima, hakuna itakayosema kwamba gunia lilipotoka kwangu lilikuwa salama.

Hapo nimetaja malipo, na sharti nieleze, kwa maana upande wa pili wa kupima barua za nje, nao ni kuzihesabu idadi, wategemea hayo. Tangu 1874 hadi mkutano mkuu wa Tokyo wa 1969, kila posta ilibaki na fedha za stempu ilizouza, ikawapelekea wenzake barua wazigawe bila ya ujira, kwa dhana kwamba kila barua iendayo huleta jibu lake. Dhana hiyo ilivunjika, kwa kuwa nchi zilizopiga chapa majarida na katalogi zilipeleka tani kwa tani na kupokea kidogo. Ndipo yakawekwa malipo ya mwisho wa safari, ambayo posta ipelekayo humlipa yule agawaye. Na leo malipo hayo hupigwa kwa kilo na kwa idadi ya vitu pamoja. Msomaji atafakari: kilo moja ya barua za gramu kumi kumi ina bahasha mia, ilhali kilo moja ya vipeto yaweza kuwa na vinne tu, na tarishi hapandi ngazi sawasawa kwa mizigo hiyo miwili. Kwa hiyo posta isiyojua idadi ya barua katika kilo zake haijui gharama zake, na bei itakayoipanga kwa mwananchi itakuwa ya kubahatisha. Tena katika mkutano wa dharura wa Geneva wa Septemba 2019, Marekani iliporuhusiwa kujiwekea yenyewe bei za kugawa vipeto vya wageni kuanzia Julai 2020, ilidhihiri kwa kila mtu kwamba anayepeleka bila ya kuhesabu atalipa bila ya kujua.

Kuhesabu huku zamani kulikuwa kwa sampuli. Karani hufungua magunia machache yaliyochaguliwa kwa kura, akapima uzito, akatazama stempu na umbo na jina la nchi, akaandika. Kisha kutokana na machache hayo yakakisiwa yote. Sampuli si jambo la kudharauliwa, bali ina mipaka yake. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba katika robo mwaka zimepimwa barua 1,600 na 80 katika kila mia zimeonekana zimekwenda kwa wakati: kwa kanuni za wanahesabu, ukweli u baina ya 78 na 82, kwa yakini ya mara 95 katika mia. Sasa toa katika hizo zile za kwenda Komoro, zikiwa 16, na 13 kati yake ziwe zimekwenda vyema. Wastani ni kama 81, lakini ukweli waweza kuwa hamsini na kitu au tisini na kitu. Nchi kubwa hupata namba. Nchi ndogo hupata kivuli cha namba, kikachapwa kwa wino ule ule.

Dawa inayopendwa leo ni kuacha sampuli na kuhesabu vyote kwa mashine, kwa kusoma msimbo pau. Utazame kwa karibu: RR 123 456 785 TZ. Herufi mbili za mwanzo zaonyesha kuwa ni rejista, mbili za mwisho ni nchi, na ile 5 ya tisa si namba ya kitu, ni mlinzi. Zidisha tarakimu nane za kwanza, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, ujumlishe, utapata 204. Gawanya kwa 11, itabaki 6. Toa 6 katika 11, imebaki 5. Karani akikosea tarakimu moja, aghalabu mlinzi atakataa. Na kwa kuwa tangu 2021 kila kipeto chenye bidhaa chatakiwa kitanguliwe na habari zake kwa kompyuta, posta sasa yaweza kuvijua vipeto vyote kimoja kimoja, hata vile vyenye herufi U ambavyo havifuatiliwi njiani.

Lakini barua tupu ya salamu, yenye stempu na anwani ya mkono, haina msimbo huo. Posta ikihama kutoka sampuli kwenda mashine na kuridhika, itakuwa imevijua vipeto vya wafanyabiashara hadi kimoja, na barua za akina bibi imezisahau kabisa. Mabadiliko mema huchanganya njia mbili: mashine kwa kilicho na msimbo, sampuli kwa kisicho nao, na taarifa iseme wazi ipi ni ipi.

Jambo jingine ni mwaka wa kuhama. Kipimo kikibadilika, namba hupanda au hushuka hata kama hakuna barua iliyokwenda kasi wala iliyozembewa. Marekani walipoacha, kwa idhini ya Tume ya Julai 2018, kuzipima barua zao za ndani kwa barua za majaribio za watu wa nje, wakahamia alama za mashine na vifaa vya matarishi kuanzia mwaka wa fedha wa 2019, mjadala ulikuwa wa hadharani. Na huko hata namna ya kukokotoa gharama haibadilishwi ila kwa maombi yanayochapishwa, na mwananchi yeyote aweza kuyatolea maoni. Utaratibu huo nausifu. Vipimo viwili viendeshwe sambamba kwa muda, hesabu zote mbili zichapwe, ndipo cha zamani kistaafu.

Umoja wa Posta Afrika una makao yake Arusha, na posta za Tanzania, Kenya na jirani zao hukutana humo. Ombi langu kwao ni dogo na halihitaji mashine mpya: katika kila taarifa ya barua ziendazo ng'ambo, kando ya kila asilimia, iandikwe nukta ambapo saa ilisimamishwa, na idadi ya barua zilizopimwa kwa nchi ile. Bibi yule alijua kusoma.