Maharage ya mbegu: Kazi inaanza shambani, siyo kwenye gunia

Mvua za vuli zikigonga Murangi, Musoma Vijijini, kila mtu anataka mbegu ya maharage siku hiyohiyo. Mwenye mbegu yake ya masika hana presha, labda kama fukusi wamemtangulia.

Maharage yana faida moja kubwa: hujichavusha yenyewe. Tofauti na mahindi chotara, aliyeweka Lyamungo 90 atavuna Lyamungo 90. Kinachoharibu ni magonjwa, unyevu na wadudu, na vyote vitatu hudhibitiwa kabla dumu halijafungwa.

Kuchagua mapema

Magonjwa kama chule na batobato husafiri ndani ya mbegu. Punje inaweza kuonekana safi kumbe imebeba ugonjwa. Kwa hiyo mashina yenye afya huwekewa alama ya kamba au kitambaa majani yakiwa bado ya kijani, kisha huvunwa peke yake. Kusubiri kuchagua kwenye ungo ni kuchelewa.

Maganda yakishakauka yasiachwe shambani. Kuna fukusi wanaotaga mayai humohumo kwenye maganda, halafu wanaingia nyumbani pamoja na mavuno.

Kukausha

Maganda huanikwa juu ya turubai au mkeka, siyo chini kwenye udongo. Yageuzwe mara kwa mara na kufunikwa jioni yasinyonye umande. Kupura ni kwa mkono mwepesi, maana fimbo nzito hupasua punje, na punje iliyopasuka huota vibaya au haioti kabisa. Baada ya kupepeta, punje hurudishwa juani.

Kujua kama zimekauka, kipimo ni chumvi. Chumvi kavu kidogo na kiganja cha maharage huwekwa kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, inatikiswa, kisha inaachwa dakika 10 hadi 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isiponata, siku moja au mbili zaidi za jua zinafaa, kwa sababu mbegu ya kuweka inatakiwa iwe na asilimia 13 au chini yake.

Kuhifadhi

Maharage yapoe kivulini kwanza. Halafu yajazwe mpaka juu kwenye dumu kavu lenye mfuniko unaobana, au kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Hewa ikiwa kidogo, fukusi waliomo humaliza oksijeni na kufa. Kulifungua dumu kila wiki ni kuwaongezea pumzi.

Asiye na chombo cha kubana anaweza kutumia mafuta ya kula: kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja, yakichanganywa mpaka kila punje ing'ae. Mbegu iliyotiwa dawa ya viwandani iandikwe wazi, na isiliwe hata njaa ikibisha hodi.

Kupima kabla ya kupanda

Wiki mbili kabla ya kupanda, punje 10 huviringishwa kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku 7. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 6 au 7, kiasi cha mbegu kiongezwe. Chini ya hapo, ni bora kutafuta nyingine kuliko kupoteza msimu mzima.

Kuweka mbegu ya shamba lako ni tofauti na biashara. Anayetaka kuiuza kama mbegu anabanwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, inayosimamiwa na TOSCI.

Na kwa kuwa magonjwa huongezeka msimu hadi msimu, baada ya misimu mitatu hivi ni vizuri kununua kilo chache za mbegu iliyothibitishwa na kuanza upya. Dumu lake likae mbali na gunia la jikoni, maana mbegu nyingi huishia chunguni kabla mvua haijarudi.