Unasawazisha kiwanja? Panga haya kabla kijiko hakijashuka kwenye lori

Jumamosi asubuhi lori linasimama kando ya barabara ya mtaa na kushusha kijiko kidogo. Dereva hajakiwasha, lakini watoto wa nyumba hiyo na wa majirani wameshajipanga ukingoni mwa kiwanja, wengine bado wana mswaki mdomoni. Kwa baba na mama siku hiyo imesubiriwa kwa miezi mingi. Kiwanja chao cha mteremko, kilichonunuliwa kwa fedha za kikoba na mkopo wa kazini, leo kinakwenda kuwa tambarare.

Ni picha ya kawaida kwa familia zinazojenga maeneo ya vilima kama Goba na Kimara jijini Dar es Salaam. Kazi ambayo vibarua wangeifanya kwa wiki kadhaa kwa majembe na toroli, kijiko huimaliza kwa siku moja au mbili. Lakini kijiko huharakisha kila kitu, yakiwamo makosa. Udongo uliokatwa pasipostahili haurudi ulivyokuwa, na mara nyingi kosa huonekana masika, maji yanapoingia sebuleni au ukingo unapoporomoka.

Kata kidogo, jaza kidogo

Familia nyingi humwambia dereva akate mpaka usawa wa chini kabisa wa kiwanja. Hapo ndipo fedha hupotea.

Mfano ni kiwanja cha mita 20 kwa 15, ambacho upande wa juu umezidi wa chini kwa mita moja na nusu. Kukikata chote hadi usawa wa chini ni kuchimba takriban mita za ujazo 225. Udongo ukishachimbwa huumuka kwa kiasi cha robo, hivyo kwa lori la mita za ujazo 10 ni safari zaidi ya 25 za kwenda kuumwaga. Upande wa juu unabaki ukuta wa udongo wenye urefu wa mtoto wa darasa la saba.

Njia nyingine ni kukata nusu ya juu na kutumia udongo huohuo kujaza nusu ya chini. Hapo kinachochimbwa ni kama mita za ujazo 56 tu, robo ya kazi ya kwanza, na ukingo wa juu unakuwa sentimita 75. Huenda lori lisihitajike kabisa.

Ili kufahamu mteremko wa kweli, fundi hupiga vigingi kwenye pembe za kiwanja na kuhamisha usawa kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani. Ni kazi ya saa chache. Kijiko hukodishwa kwa saa au kwa siku, hivyo kuifanya kazi hiyo mashine ikiwa imeshafika ni kulipia usingizi wa dereva. Ni vizuri pia kukubaliana mapema nani analipa mafuta na gharama za kukileta na kukirudisha.

Udongo wa juu una kazi

Sentimita 15 hadi 20 za juu ndizo zenye rutuba. Zikichanganywa na udongo wa chini, mama atapanda mchicha usiote. Dereva aambiwe mapema aanze kuukwangua udongo huo na kuulundika pembeni, kisha autandaze mwishoni mahali pa bustani.

Udongo huohuo haufai kujazia chini ya nyumba, kwa sababu mizizi na majani yaliyomo huoza na ardhi hutitia. Hata udongo mzuri unapojazwa hautakiwi kumwagwa kwa mkupuo. Hujazwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likinyunyiziwa maji kiasi na kushindiliwa. Kijiko kupitapita juu yake hakutoshi, kwani minyororo yake husambaza uzito ili kisizame. Inahitajika mashine ya kushindilia, na msingi wa nyumba lazima ushuke mpaka kwenye ardhi ambayo haikuguswa.

Tambarare isiyo tambarare

Uwanja ulionyooka kama meza hupendeza macho mpaka mvua ya kwanza. Kuzunguka nyumba, ardhi inatakiwa kushuka kama sentimita tano kwa kila mita, angalau kwa mita tatu za mwanzo, ili maji yaondoke ukutani. Upande wa juu wa kiwanja uchimbwe mtaro wa kuyapokea maji ya mlimani kabla hayajafika.

Maji hayo yanaelekea wapi? Yakielekezwa kwa jirani wa chini, ugomvi umeshaanza kabla nyumba haijapauliwa. Vilevile, kukata udongo chini ya ukuta wa jirani wa juu ni kuuondolea ukuta huo miguu. Mazungumzo na majirani wote wawili, ikibidi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ni nafuu kuliko kujenga ukuta wa mtu mwingine. Wao pia huwa wanajua bomba la maji lilipita wapi.

Watoto wasiwe watazamaji wa karibu

Hakuna mtoto asiyevutiwa na kijiko. Lakini sehemu yake ya juu huzunguka duara zima, dereva hamuoni aliye nyuma yake, na mlio wa injini humeza sauti ya mtoto anayeita. Watoto wakae walau mita 10 kutoka mashine ilipo, na awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo tu. Anayekwenda kuwapikia vibarua hawezi kuwa mlinzi.

Hatari haiondoki na lori. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja. Kipande kidogo cha ukingo kikimwangukia mtoto anayechimba pango chini yake, hata wanaume wawili hawawezi kumtoa kwa haraka. Ukingo uliokatwa wima unaweza kusimama kiangazi kizima kisha ukaanguka baada ya mvua ya usiku mmoja. Kwa hiyo ulazwe uwe mteremko, au ujengewe ukuta wa kuzuia udongo wenye matundu ya kutolea maji. Mpaka hapo, uzungushiwe uzio, hata wa miti na kamba, na watoto waambiwe sababu.

Kama kijiko kinalala kiwanjani, ndoo yake ilazwe chini na ufunguo uondoke na dereva.

Ndoo ya mwisho

Kabla dereva hajalipwa na lori halijaja kukichukua kijiko, mzazi achukue ndoo mbili tatu za maji, amwage pale ukuta wa nyumba utakaposimama, kisha atazame. Yakikimbilia mtaroni, kazi imekwisha. Yakituama, au yakigeukia kwa jirani, dereva bado yupo na mashine bado ina moto. Dakika 20 za kurekebisha jioni hiyo zinaweza kuiokolea familia masika nzima ya kuchota maji sebuleni.