Juma la Kwanza la Chuo Kikuu Huanzia Nyumbani

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: CHETI, NAKALA, USAJILI. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti, polepole: che-ti, na-ka-la, u-sa-ji-li. Vema. Maneno hayo yaacheni ubaoni, tutayahitaji.

Siku chache zilizopita mama mmoja wa darasani alinishika mkono nje ya darasa akaniuliza: “Mwalimu, binti yangu amepata nafasi chuo kikuu. Mimi ndiyo kwanza naunganisha silabi. Nitamsaidia nini mtoto aliyenipita kwa elimu?” Nilimjibu maneno mawili matatu, kwa kuwa jua lilikuwa linazama, lakini nilipofika nyumbani nikaona swali lake lastahili somo zima.

Kwanza tujue chuo kikuu ni kitu gani kwetu. Zamani mtoto wa nchi hii aliyetaka elimu hiyo ilimpasa kuvuka mipaka. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikwenda Makerere, Uganda, mwaka 1943. Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Mwaka 1964 kikahamia kule kilimani ambako watu hupaita Mlimani hata leo, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye kujitegemea. Sasa vyuo vikuu viko vingi: Morogoro, Dodoma, Iringa, Mbeya, Mwanza na kwingineko. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake hapa hapa Songea. Walakini watoto wetu wengi bado hupanda basi kwenda mbali.

Basi, mtoto amefanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa Mei. Matokeo yametoka Julai. Ameomba chuo, amekubaliwa, na masomo yataanza Oktoba au Novemba. Juma la kwanza ni juma la kupokea wageni. Mwanafunzi mpya huonyeshwa maktaba, kumbi za masomo na zahanati. Husomewa sheria za chuo. Huonyeshwa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambaye ndiye wa kumwendea mtu akipatwa na shida. Lakini kazi kubwa ya juma hilo ni moja, nalo ni neno letu la tatu ubaoni: usajili. Kusajiliwa ni kuandikwa katika daftari la chuo. Asiyesajiliwa hapewi kitambulisho cha mwanafunzi, hawezi kufanya mitihani, na fedha za mkopo hazimfikii. Amefika chuoni kwa miguu yake, lakini kwa karatasi bado hajafika.

Na usajili huo ni karatasi tupu. Mtoto hutakiwa kuwa na barua ya kukubaliwa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, fomu ya daktari, picha ndogo, na hati ya malipo ya benki. Ofisa hushika cheti chenyewe, akakilinganisha na nakala. Nakala ni karatasi iliyotolewa kwa mashine kutoka katika cheti. Nakala haichukui nafasi ya cheti, hata ikiwa safi namna gani.

Sasa niwaambie yaliyonipata mimi. Nilipokwenda chuo nilibeba nakala ya cheti cha kuzaliwa, nikaacha chenyewe katika sanduku la baba, kwa kuogopa kuibiwa njiani. Siku ya usajili nikarudishwa. Nikapiga simu nyumbani: baba, nitumie cheti cha kuzaliwa, kiko sandukuni, kina mhuri. Baba yangu hakujua kusoma. Akafungua sanduku, akaona karatasi yenye mhuri na jina nililobatizwa nalo, akaifunga vizuri katika bahasha, akaenda kituo cha mabasi alfajiri akamkabidhi kondakta. Nilipoifungua kule ilikuwa cheti cha ubatizo. Nacho kilikuwa na mhuri, hakukosea kwa alama niliyompa. Ikabidi atafutwe kijana wa jirani asome, na basi jingine lingojewe. Juma zima likapita. Wenzangu walikuwa wameanza masomo, nami nilikula kwa hisani ya mwenzangu mmoja kutoka Mbinga, ambaye naye hakuwa na kingi. Baba hakulizungumza jambo hilo kamwe. Lakini nilijua lilimuuma, kwa kuwa tangu siku ile kila karatasi iliyoingia nyumbani alimwomba mtu amsomee mara mbili.

Kwa hiyo, mama uliyeniuliza swali, msaada wako ni huu. Kabla mtoto hajafunga mzigo, keti naye mkekani. Toeni karatasi zote sandukuni. Wewe soma majina, herufi moja moja, naye asikilize. Je, jina katika cheti cha kuzaliwa ni sawasawa na lile la cheti cha mtihani? Hapa kwetu padre aliandika Scholastica, mwalimu wa shule akaandika Skolastika, na nyumbani mtoto anaitwa Sikola. Kwetu ni mtoto yule yule. Kwa karani ni watu watatu. Chuo humwandika mwanafunzi kwa majina yaliyo katika vyeti vyake vya mitihani, si kwa jina la nyumbani. Msomaji anayeanza ana faida moja hapa: yeye hasomi mbio. Mtoto aliyesoma sana huliona jina lake akadhani amelisoma. Wewe utaliona hata a iliyozidi.

Mkiona tofauti, msiifute wala kuiandika upya kwa kalamu. Hilo ni kosa la jinai. Kama kosa liko katika cheti cha kuzaliwa, nendeni kwa Msajili wa Wilaya, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kama majina yenyewe yanatofautiana, wakili hutengeneza hati ya kiapo ya kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Jambo hili hutaka siku kadhaa. Likifanywa Agosti hapa Songea ni safari ya daladala. Likigunduliwa Novemba kule Dar es Salaam, kati yenu na sanduku pana zaidi ya kilomita 900 za barabara.

Sasa fedha. Wazazi wengi husema: “Serikali itamkopesha.” Ni kweli iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Lakini si kila aombaye hupata, na apataye huenda asipate yote. Maombi yenyewe yataka karatasi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, mdhamini mwenye kitambulisho, na sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji. Nanyi mnaotia kidole gumba, sasa mnaweza kuandika sahihi. Lakini someni kwanza. Ule ni mkopo, si zawadi. Akipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe.

Jambo linalowanasa wengi ni hili: fedha ya chakula, ambayo wanafunzi huiita bumu, haimngojei mtoto getini. Huja baada ya kusajiliwa na kuthibitisha jina lake, na siku hizo za kungoja mtoto hula nini? Chukueni kalamu tufanye hesabu. Katika mwaka wa masomo wa 2022/2023 fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tukitumia kipimo hicho, siku 30 ni shilingi ngapi? Naam, 300,000. Aliyepata kitanda chuoni hutumia pungufu. Aliyepanga chumba mtaani huenda akazidi. Mahindi yetu huvunwa Juni na Julai, wakati bei iko chini, nasi huuza yote kwa haraka ya ada za wadogo zake. Nawashauri muweke magunia machache kwa ajili ya Oktoba, yakaushwe barabara na kutiwa dawa, yauzwe juma la safari. Ninyi wakulima mwajua hesabu hiyo kuliko mimi.

Ada hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na chuo, kwa benki au kwa simu, na risiti hutunzwa. Mtu akipiga simu usiku akasema yeye ni ofisa wa chuo, tuma fedha kwa namba yangu nikuwekee nafasi, huyo ni mwizi. Mwambieni mtoto, na ninyi pia mjue, maana wezi hao huwapigia wazazi.

Mzigo wenyewe usiwe mkubwa. Blanketi zito la baridi ya Matogoro halina kazi Dar es Salaam. Shuka mbili, chandarua, ndoo, viatu vya kutembea. Anayekwenda Njombe au Iringa na alichukue. Vyeti vikae katika mkoba unaobaki mapajani, si chini ya basi. Tiketi inunuliwe ofisini. Afikaye Dar es Salaam kwa basi hushuka stendi ya Mbezi. Akifika usiku asitoke peke yake, angojee kupambazuke au apokewe na mwenyeji.

Nanyi msimpigie simu kila saa. Siku za kwanza atakuwa katika foleni.

Mwalimu wa darasa, hii ndiyo kazi ya juma hili. Kila mwanafunzi alete darasani karatasi mbili zenye jina lake mwenyewe, kama vile kitambulisho cha taifa na kadi ya zahanati. Ayanakili majina hayo katika daftari, moja chini ya jingine, kisha apigie mstari kila herufi isiyolingana. Asiye na karatasi mbili aandike majina ya watoto wake kama yalivyo katika vyeti vyao.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.