Kwa nini tununue nyota ya plastiki ilhali mbao tunazo?

Kila mwaka, hata kabla ya Novemba kumalizika, maduka ya Nairobi huwa yamekwisha kuvishwa Krismasi. Miti ya plastiki husimamishwa milangoni, pamba hutandazwa matawini kuigiza theluji ambayo wengi wetu hatujaiona isipokuwa kileleni mwa Mlima Kenya, tena kwa mbali, na nyimbo zile zile hurudiwa mpaka wauzaji wenyewe wakaonekana kuzichoka. Mzazi aliyeingia kununua sukari hutoka na nyota ya plastiki yenye taa ndogo ndogo. Huitundika langoni. Kabla ya mwaka mpya nusu ya taa hizo huwa zimezimika, na ifikapo Pasaka nyota iko jalalani.

Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wazazi hao. Desemba iliyopita niliacha, na ningependa kumweleza msomaji sababu, ijapokuwa sehemu ya sababu hiyo inanitia haya.

Nililelewa Elburgon, mji uliojengwa na mbao na ukaishi kwa mbao. Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua magogo, na kila jioni alirejea na mabanzi begani, vile vipande vya pembeni vyenye maganda ambavyo kiwanda hakikuvihitaji. Mwaka mzima mabanzi yalikuwa kuni. Lakini Desemba ilipoingia yalibadilika kazi. Baba aliyachagua moja baada ya jingine kama mtu achaguaye maharagwe, kisha akajenga kibanda kando ya njia, mbele ya ua wetu. Nguzo zilikuwa nne, za mtarakwa. Paa lilikuwa la mabanzi na maganda yake. Ndani aliweka hori, na ubavuni mwa hori walisimama ng'ombe na punda aliowakata kwa ubao wa saipresi, akawapaka chokaa, na macho yao akayatia kwa masizi ya chungu. Juu ya yote ilikaa nyota ya fito tano.

Waliokuwa wakienda sokoni walisimama kutazama. Watoto wa majirani walileta nyasi kavu za kutia horini, na kila mmoja aliapa kwamba nyasi zake ndizo zilizolaliwa na mtoto. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika upande wa pili wa ubao baba akatapo. Msomaji asiidharau kazi hiyo. Ukiulegeza ubao, msumeno hubanwa. Ukiuachilia mapema, kipande cha mwisho huchanika na kuharibu chote kilichotangulia.

Mwaka wa 1987, nikiwa kidato cha pili katika shule ya bweni, nilirejea nyumbani kwa likizo nikiwa nimeziona taa za madukani mjini Nakuru. Nilimkuta baba akipigilia paa la kibanda. Nikasema, tena mbele ya mgeni, kwamba ng'ombe wake alifanana na mbuzi mgonjwa, na kwamba watu wa mjini wangetuona washamba. Baba hakunijibu. Alimaliza kuupigilia msumari aliokuwa ameuanza. Mwaka uliofuata Desemba ilifika, na pale kando ya njia hapakusimama kitu. Mama hakuuliza, wala mimi sikuuliza. Mabanzi yalikwenda jikoni kama kawaida.

Baba alifariki mwaka wa 2009. Jambo hilo hatukulizungumza kamwe.

Nimelikumbuka mara nyingi tangu hapo, na kila nikilifikiria naona kwamba aliyekuwa mshamba ni mimi. Kwani ni nani aliyetuambia kwamba pambo la Krismasi halina budi kununuliwa? Hebu tutazame asili yake. Mwaka wa 1223, huko Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi alitaka watu wa kawaida waone kwa macho yao umaskini wa Bethlehemu. Hakuagiza sanamu za marumaru. Alitafutiwa hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, wote hai, na ibada ikafanyika penye miamba ya mlimani, usiku, kwa mwanga wa mienge na mishumaa. Kutokana na usiku huo desturi ya kuweka hori wakati wa Noeli ilienea sana katika nchi za Wakristo. Yaani chimbuko lake ni uwanja wa nje, vitu vya zizini na mikono ya wanakijiji. Kibanda cha baba yangu kilikuwa karibu zaidi na Greccio kuliko dirisha lolote la duka nililolistaajabia Nakuru. (Kwa wale watakaoniandikia kunikumbusha kuwa Injili haiwataji ng'ombe na punda: naam, najua. Waliingia kupitia maneno ya nabii Isaya kuhusu ng'ombe amjuaye bwana wake na punda ajuaye hori lake, na wamekataa kutoka.)

Wala si Waitalia peke yao. Katika milima ya Erzgebirge, mashariki mwa Ujerumani, wachimbaji wa bati na fedha walipoona madini yanapungua waligeukia mbao. Kijiji cha Seiffen kilijipatia jina kwa hilo. Mafundi wake walibuni njia ya kuzungusha gogo katika mashine ya kukerezea mpaka likawa pete nene, kisha wakaipasua pete hiyo vipande vipande kama mtu akataye mkate, na kila kipande kikatoka na umbo la mnyama. Watu hao hawakungoja kuletewa Krismasi. Waliichonga, wakala kwayo.

Sisi je? Hapa ndipo ninapopatwa na uchungu. Kule Wamunyu, katika nchi ya Wakamba, uchongaji wa kuuza ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyekutana na wachongaji wa Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ujuzi huo nyumbani. Leo wachongaji wa Wamunyu na wenzao wa Changamwe, Mombasa, wanajulikana mbali. Muhugu na mpingo zilipoadimika wengi wao walihamia mjakaranda, mwarobaini na mwembe. Na miongoni mwa vitu wanavyochonga ni Yusufu, Mariamu, mtoto, mamajusi na kondoo, ambao hufungwa makaratasini na kusafirishwa Ulaya na Marekani. Mzungu wa Chicago huipamba Krismasi yake kwa mkono wa Mkamba, ilhali jirani yangu wa Ruai huipamba yake kwa plastiki iliyosafiri kutoka China. Sina ugomvi na China. Anayeuza hana kosa. Nauliza tu kuhusu anayenunua.

Basi Novemba iliyopita nilikwenda Elburgon kumjulia hali mama. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nguzo za banda la kuku zilikuwa ni zile nne za kibanda cha baba. Mtarakwa ni mti wa ajabu. Mchwa hauutaki na unyevu hauuozeshi upesi, ndiyo maana wazee waliuchagua kwa nguzo za ua. Ng'ombe na punda wa saipresi walikuwa wameliwa zamani, lakini nguzo zilikuwa nzima, zimegeuka kijivu tu. Nikamwomba mama mbili. Akanitazama kwa muda, akasema, "Chukua, mwanangu. Zilikuwa zako." Nikamnunulia nguzo mbili nyingine kwa ajili ya kuku wake.

Nyumbani Ruai niliapa kutonunua mbao mpya. Nilitumia paleti kuukuu, zile jukwaa za mbao zinazobebea mizigo bandarini na maghalani. Hapa namsihi msomaji awe mwangalifu. Paleti za biashara ya kimataifa huwa na muhuri ubavuni. Ukiona herufi HT, mbao zilipashwa joto mpaka ndani zikafikia nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua wadudu, na hizo hazina neno. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya sumu. Ziache zilipo, wala usizitie hata motoni. Vile vile aghalabu sisi hupaka mbao za nje oili chafu ya gari ili mchwa wasizile. Oili hiyo hubeba madini mazito yenye madhara, na hori ni kitu ambacho watoto watakishika na kukilalia. Mimi nilitumia rangi ya mafuta.

Nyota ndiyo iliyonitesa zaidi. Nilijaribu kuichora kwa macho na kila mara ikatoka kilema. Mwishowe mwanangu wa darasa la saba alichukua kamba ya sentimita 50, akaifunga kwenye msumari, akachora duara sakafuni kwa chaki. Juu ya duara tulitia nukta tano, kila moja ikiwa mbali na mwenziwe kwa sentimita 58 na milimita 8, nazo zikajigawa sawasawa. Fito zetu tano zilihitaji sentimita 95 kutoka ncha hadi ncha, pamoja na ziada kidogo ya kupigilia misumari. Siri ni kuzisuka: kila ufito upite juu ya mmoja na chini ya mwingine. Zikisukwa hivyo hukazana zenyewe, na misumari mitano ya nchani hutosha.

Punda naye alivunjika masikio mara mbili kabla sijatambua kosa langu. Ubao una nyuzi, na kitu chochote chembamba, kama vile sikio, mguu au pembe, hakina budi kufuata nyuzi hizo. Ukikikata kwa kukingama, kitakatika siku ya kwanza mpira utakapokigonga. Jambo la pili linahusu mvua, maana vuli huweza kuendelea hadi Desemba yenyewe. Ubao hunywa maji kwa kasi zaidi kupitia miisho yake iliyokatwa kuliko kupitia ubavu. Kwa hivyo, hata kama rangi yako ni kidogo, ipake miisho mara mbili au tatu. Baba aliyajua haya yote bila kuambiwa. Nilikuwa nimeshika upande wa pili wa ubao miaka yote hiyo, na sikuona alichokuwa akikifanya.

Ilitubidi kuazima keekee kwa fundi wa vitanda aliye na kibanda karibu na kituo cha matatu. Alipokuja kuichukua akasimama mbele ya nyota. "Mzee," akasema, "kumbe hivi vitu hutengenezwa? Mimi nilidhani lazima vitoke ng'ambo." Huyu ni fundi aliyeishi na mbao ujana wake wote! Kwa wiki tatu za Desemba hana kazi, kwani hakuna anunuaye kitanda wakati kila mtu anatafuta nauli ya kwenda mashambani. Nilimwonyesha duara la chaki. Kufikia Krismasi alikuwa ameuza nyota kumi na moja, na kila nipitapo stendi hunisimulia hesabu hiyo upya.

Najua yatakayosemwa. Kwamba tukianza kupamba kwa mbao tutaimaliza misitu, na hasa tangu serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018 na bei za mbao zikapanda, kila mtu amekuwa na lake la kusema mintarafu ya miti. Nami naliunga mkono wazo la kuihifadhi. Lakini nani aiharibuye zaidi? Kila Desemba vijana huingia katika mashamba ya saipresi usiku na kukata vilele vya miti michanga kuwa miti ya Krismasi. Mti uliokatwa kilele hugawanyika matawi mawili na hautatoa tena gogo la maana. Kipande cha paleti hakijamdhuru mtu. Watasema pia kwamba wezi wataiba. Nyota ya taa, ndiyo. Punda mwenye masikio yaliyogongwa misumari mara tatu hajapata mwizi mpaka sasa. Mwanga wetu ulikuwa wa taa ndogo ya sola, kwa kuwa sikuthubutu kupitisha waya wa umeme penye mvua na watoto.

Tulikisimamisha kibanda langoni tarehe 20 Desemba, nguzo mbili za baba zikiwa mbele na mbili za paleti nyuma. Mama aliletwa na ndugu yangu siku ya mkesha. Alishuka garini polepole, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, akaupapasa mmoja wapo mahali palipokuwa na tundu la msumari wa zamani. Kisha akamtazama ng'ombe.

"Huyu," akasema, "ni mbuzi mgonjwa."

Sikujua kwamba alikuwa amesikia siku ile. Akacheka mpaka akashika nguzo asianguke, nami nikacheka, ingawa machozi yalinilengalenga. Mwanangu alituangalia bila kuelewa, akaingia ndani akaleta msumeno. Alitaka kumkata ng'ombe mwingine kabla ya jioni, na alihitaji mtu wa kumshikia ubao.