Muulize Nyanya Kabla Hajaondoka na Majina

Kama unaishi Nairobi, lazima umewahi kumwambia mtu, "Tupatane Archives." Unasimama hapo Moi Avenue, macho kwa simu, mtu wako anatokea, mnaenda zenu. Lakini umewahi kuingia ndani?

Jengo hilo zamani lilikuwa la Benki ya India. Siku hizi ndiyo makao ya Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Wengi wanaoingia huenda kutazama sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais. Hazina nyingine ni makaratasi: ripoti za madisii wa kikoloni, barua, kesi. Kama babu ya babu yako alikuwa chifu, au aligombania shamba mahakamani, huenda jina lake limo.

Huenda. Shida ni kwamba mkoloni hakuandika majina ili wewe ujue ukoo wako. Aliandika mtu aliyemhitaji: mlipa kodi, kibarua, mshtakiwa. Kipande ambacho wanaume walivishwa shingoni miaka ya 1920 kilikuwa cha kuwachunga wasitoroke kazi. Wanawake hawakuvishwa, kwa hivyo hata rekodi hiyo hawana. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo nao ulikamilika nchi nzima mwaka 1971. Shosho aliyezaliwa ushago 1938 anaweza kuwa hana karatasi yoyote ya kuzaliwa.

Kuna mashirika yanayojaribu kuziba pengo hilo. Kubwa zaidi ni FamilySearch, la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianza Utah, Marekani, mwaka 1894, na tovuti yake ni ya bure. Katika nchi kadhaa za Afrika halingoji karatasi. Hutuma watu vijijini wakae na wazee, wazee wataje ukoo, majina yarekodiwe. Ila ujue hili: waumini wa kanisa hilo hubatizwa kwa niaba ya mababu waliofariki. Zungumza na familia kwanza kabla hujajaza majina ya watu huko.

Na usidhani rekodi zako ziko Kenya pekee. Mwaka 1875 wamishonari wa Church Missionary Society walianzisha Frere Town, Mombasa, kwa watu waliookolewa kutoka kwa meli za watumwa. Mnara wa kengele yao bado umesimama Kongowea. Watu hao walikuwa wamenyakuliwa kwao, ukoo ukakatika. Leo sehemu kubwa ya karatasi za misheni hiyo iko Uingereza, Chuo Kikuu cha Birmingham. Mjukuu yuko Kisauni, faili iko ng'ambo.

Sasa ona: taasisi hizi zote, hata ziwe na mitambo gani, hutunza tu kile mtu alichosema au kuandika. Kama hakuna aliyesema, hakuna faili. Na ukienda mikono mitupu utapotea. Chukua Wakikuyu: kifungua mimba wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake, wa pili la baba ya mama. Majina yanajirudia kila kizazi. Ukitafuta "Kamau wa Njoroge" bila kijiji, mbari na rika lake, utapata kumi na usijue wako ni yupi.

Vitu hivyo vitatu viko kwa kichwa cha mzee, si kwa kabati la serikali.

Kwa hivyo anza na simu uliyoshika. Omba ruhusa, washa rekoda, taja tarehe na mahali mlipo. Usimuulize alizaliwa mwaka gani. Muulize kulikuwa na njaa gani, vita gani, nani alikuwa chifu. Mwache aongee kwa lugha ya nyumbani, hata kama wewe unaielewa nusunusu. Tafsiri itakuja baadaye. Tuma nakala kwa binamu wawili, maana simu huibwa.

Halafu muulize swali ambalo karibu hakuna daftari litakujibu: mama ya mama yake aliitwa nani, na aliolewa kutoka wapi? Majina ya akina baba wengi wetu tunayaimba hadi ya nne. Ya akina mama hukatikia kwa nyanya, na yeye hatakaa milele.