Mstari Uliobanwa Haufiki Nyuma ya Ukumbi

Viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA katika kaunti za Kericho na Bomet, viwe Momul na Litein au Kapkoros na Mogogosiek, ni mali ya wakulima wadogo wanaovipelekea majani. Mkulima akiitwa mkutanoni, anakuja kusikia hesabu ya mali yake mwenyewe: kilo zilizopokelewa mwaka mzima, bei iliyopatikana kwenye mnada wa Mombasa, gharama za kuni na umeme, mkopo wa mbolea, na mwishowe bonasi, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ndogo huku magharibi mwa Bonde la Ufa kuliko ile ya wenzao wa mashariki. Hesabu kama hiyo ikirushwa ukutani kwa projekta, namna ilivyopangwa si jambo la urembo. Aliyeketi nyuma asiposoma, lawama huangukia macho yake, au taa hafifu ya projekta, au jua linalopenya chini ya hema, na kweli vyote hivyo vina sehemu ya kosa. Yuko mkosaji mwingine asiyetajwa: nafasi iliyoondolewa kati ya mstari na mstari, na kati ya hoja na hoja. Dai langu ni kwamba nafasi hiyo ni sehemu ya habari yenyewe, na kwamba slaidi ikijaa, cha kupunguza ni maneno.

Nafasi huwa ya kwanza kuondolewa kwa sababu programu yenyewe huiondoa bila kuuliza. PowerPoint ilitoka mwaka 1987, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought, ambayo Microsoft iliinunua mwaka huohuo. Kwa miaka mingi sasa programu hiyo imekuja na mpangilio ambao maandishi yakizidi kisanduku chake hupunguzwa yenyewe mpaka yatoshee: fonti inashushwa kidogo, na nafasi kati ya mistari inakatwa kwa asilimia 10, kisha 20. Hata kabla ya kukatwa haikuwa nyingi, kwani kiolezo cha kawaida cha tangu toleo la 2013 huweka mistari kwa asilimia 90 ya nafasi yake ya kawaida, na pointi 10 tu kabla ya kila hoja. Karani anayeandaa slaidi anaongeza sentensi, programu inabana. Anaongeza nyingine, inabana tena. Uso ukiwa nusu mita kutoka kwenye kompyuta, hakuna kinachoonekana kuharibika. Mwalimu wa shamba darasa anayeandika kwa kalamu nono kwenye karatasi ya manila hawezi kuingia mtego huu, maana karatasi ikijaa imejaa, naye anafungua nyingine. (Mtindo wa shamba darasa ulianza na wakulima wa mpunga wa Indonesia mwaka 1989, ukawafikia wakulima wa chai wa Kenya katika miaka ya 2000, nami sioni sababu ya kuuonea haya mbele ya projekta.)

Tufanye hesabu ya ukumbi wenyewe. Slaidi ya umbo pana ina kimo cha inchi 7.5, yaani pointi 540 kwa kipimo cha fonti. Ikirushwa kwenye skrini yenye kimo cha mita 1.5, fonti ya pointi 24 inakuwa sentimita 6.7, na herufi ndogo kama “a” au “n”, ambayo huchukua karibu nusu ya kipimo hicho, inasimama kwa sentimita 3.3 hivi. Kwa mtu aliye mita 12 kutoka skrini, herufi hiyo inachukua pembe ya dakika 9 na nusu, dakika moja ikiwa sehemu ya 60 ya digrii. Ile herufi ambayo jicho zima huitambua kwa taabu kwenye chati ya daktari ina dakika 5. Shusha fonti hadi pointi 14, na mtu wetu anabaki na dakika 5 na nusu. Amefika ukingoni mwa uwezo wa jicho lenye afya, tena gizani na kwenye skrini safi. Ukumbini mchana hana kitu.

Hayo ni ya ukubwa wa herufi, na watu wengi huishia hapo. Nafasi ina kanuni zake. Mwaka 1970 mtafiti Mholanzi, Herman Bouma, alionyesha kwamba herufi inayotazamwa kwa pembeni ya jicho hushindwa kutambulika ikizungukwa na nyingine kwa karibu, hata kama ingesomeka bila shida ikiwa peke yake. Ili iokoke, majirani zake wanapaswa kukaa umbali wa karibu nusu ya umbali uliopo kati yake na pale jicho linapolenga. Msongamano huu ni tofauti na ukungu wa macho: miwani haiuondoi, wala projekta yenye taa kali. Na sehemu kubwa ya kusoma hutegemea pembeni ya jicho, kwa kuwa eneo tunaloliona kwa uwazi kamili ni la digrii 2 tu. Kutoka mita 12, digrii 2 ni sentimita 42 za skrini, ilhali skrini yetu ina upana wa mita 2.67. Jicho husoma kwa kurukaruka, na likifika mwisho wa mstari hurudi kwa mruko mmoja mrefu kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata, likiongozwa na kile linachokiona kwa pembeni. Mistari ikiwa mirefu na imebanana, mruko huo huangukia mstari uliokwisha kusomwa au huruka mmoja.

Hata hivyo kazi kubwa zaidi ya nafasi inahusu makundi kuliko herufi. Max Wertheimer alichapisha mwaka 1923 uchunguzi wake kuhusu vitone vilivyopangwa kwenye karatasi: vilivyo karibu huonekana kuwa kitu kimoja kabla mtazamaji hajafikiri lolote. Mwaka 1998 Michael Kubovy na wenzake wakapima jambo hilo kwa hesabu, wakaona kwamba kinachoamua ni uwiano wa umbali mmoja kwa mwingine, wala si ukubwa wa umbali wenyewe. Mtu wa Kericho ana ushahidi wa hilo kwenye shamba changa. Miche ya chai ikipandwa kwa futi 4 kati ya safu na futi 2.5 kati ya mche na mche, ekari nzima husomeka kuwa safu safu hata kutoka mlima wa pili, kwa sababu umbali mmoja ni mara 1.6 ya mwingine. Ingepandwa futi 3 kila upande, ingekuwa uwanja wa madoa. Na orodha ya slaidi ni hivyohivyo: ikiwa umbali kati ya hoja na hoja ni sawa na umbali kati ya mistari miwili ya hoja moja, hakuna orodha tena, kuna ukuta wa maandishi wenye vitone vyeusi upande wa kushoto, na jicho linalazimika kutafuta kitone ili kujua hoja moja imeishia wapi.

Hapa ndipo hesabu ya karani inapopaswa kubadilika. Tuseme slaidi ya upogoaji ina nafasi ya pointi 400 chini ya kichwa chake, na fonti ni 24. Mstari mmoja kwa nafasi ya kawaida huchukua karibu pointi 29. Hoja saba za mistari miwili miwili zinamaliza pointi zote 400 na zaidi kidogo, bila pengo lolote kati yake. Hoja tano zinachukua 288, na ukiweka pengo la ziada la pointi 24 kati ya kila mbili unafika 384. Sasa umbali kutoka mstari hadi mstari ndani ya hoja ni 29, na kutoka hoja moja hadi nyingine ni 53, karibu mara 1.8. Hoja mbili zimehama kwenda slaidi inayofuata, hizo tano zinaonekana tano, na ukubwa wa herufi haukuguswa. Pengo lenyewe liwekwe kwenye mpangilio wa nafasi kabla ya aya. Wanaobonyeza kitufe cha kushuka mstari mara mbili hupata pengo la mstari mzima, na maandishi yakihaririwa mapengo hayo huanza kutangatanga.

Mwenye shaka atauliza kama kweli nafasi husaidia kusoma, naye ana ushahidi wa kuuliza nao. Mwaka 2008 Susana Chung na wenzake waliwapima watu ambao katikati ya retina zao kumeharibiwa na ugonjwa wa uzeeni, watu wanaolazimika kusoma kwa pembeni ya jicho, na ambao kwa kanuni ya Bouma wangetarajiwa kunufaika zaidi ya wote. Kuongeza nafasi kati ya mistari hakukuwaongezea kasi. Matokeo hayo nayachukua kwa uzito, na yanapunguza dai langu pale linapostahili kupunguzwa: nafasi si dawa ya macho. Mkulima mzee mwenye mtoto wa jicho anahitaji herufi kubwa na rangi zinazotofautiana vya kutosha, na zaidi ya hayo anahitaji kliniki. Lakini jaribio la kasi hupima mtu anayesoma mfululizo bila kukatizwa, na mkutanoni hakuna asomaye hivyo. Slaidi huenda imeandikwa Kiingereza au Kiswahili huku msemaji akifafanua kwa Kikipsigis; msikilizaji anatazama skrini, anamgeukia msemaji, anamnong’oneza jirani, kisha anarudi kwenye skrini kutafuta alipoachia. Kila anaporudi anaanza upya kutafuta hoja ya tatu ni ipi, na kinachomwonyesha mara moja ni pengo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa sababu linatoka kwa watu wenye nia njema: wakulima wana haki ya kuona kila kitu, na anayepunguza maneno anaweza kuwa anaficha. Hofu hiyo ina msingi katika eneo ambalo malipo ya majani huzua maswali kila mwaka. Ila kujaza slaidi kumewahi kuficha zaidi kuliko kupunguza. Chombo cha anga cha Columbia kiliporuka Januari 2003 kikiwa kimegongwa na kipande cha povu, wahandisi wa Boeing waliandaa slaidi kwa ajili ya wakuu wa NASA. Kichwa chake kilitoa matumaini, na chini yake zilifuata hoja zenye vijihoja vya ngazi baada ya ngazi. Huko chini kabisa, kwa maandishi madogo, mlikuwa na taarifa kwamba kipande hicho kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920 wakati data za majaribio zilihusu vipande vya inchi za ujazo 3, tofauti ya mara 640. Chombo kiliteketea tarehe 1 Februari na watu saba wakafa, na ripoti ya tume ya uchunguzi iliyotoka Agosti ikaitaja slaidi hiyo, ikitegemea uchambuzi wa Edward Tufte. Hakuna asemaye mistari iliyobanwa ndiyo iliyoangusha chombo. Ila taarifa kuwemo kwenye slaidi hakukutosha kuifanya ionekane. Mwenye kutaka uwazi kamili achapishe ripoti na kuigawa, au aitume kwa WhatsApp ikiwa na kurasa zote, na slaidi ibebe yale yanayojadiliwa dakika hiyo.

Nafasi inaweza kuzidi pia. Mistari ya hoja moja ikitenganishwa mno, kila mmoja husimama kama hoja yake, na ule uwiano unaopambanua makundi unavunjika kwa upande wa pili. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za intaneti iliyotolewa mwaka 2018 inataka ukurasa uvumilie msomaji akiongeza umbali wa mistari hadi mara 1.5 ya fonti na pengo baada ya aya hadi mara 2, bila kitu kupotea. Si vipimo vya slaidi, na sipendekezi vinakiliwe, ila vinatuonyesha kwamba umbali wa aya unatakiwa kuuzidi ule wa mistari. Vilevile maandishi yasinyooshwe kingo zote mbili: maneno ya Kiswahili ni marefu, mstari wa slaidi hubeba machache, na programu ikiyavuta yafike ukingoni huacha mashimo katikati ya sentensi, yaani nafasi pale ambapo haina la kusema.

Kwa jedwali la bonasi kanuni ni ileile. Mkulima anataka kulinganisha malipo ya kilo moja mwaka uliopita na mwaka huu kwenye kiwanda chake, hivyo tarakimu hizo mbili zikae jirani, na pengo pana liwe kati ya kiwanda na kiwanda. Karani azime ule mpangilio wa kubana maandishi kwenye kiolezo kikuu kabla hajaandika neno la kwanza, ili siku maneno yakizidi kisanduku yamwagike nje mbele ya macho yake, naye achague la kuondoa.