Picha za Familia na Majina Yanayopotea

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, picha ya familia ilipigwa studio kwa miaka mingi kabla ya kamera kuzoeleka nyumbani. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, na baadaye mwanawe Rohit akairithi, naye N. V. Parekh alianzisha yake Mombasa mwaka 1942. Na Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyesifika kwa kuunganisha picha kadhaa zikawa moja. Watu walikwenda studio wamekwisha kujipamba kwa nguo za Idi au za harusi, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa mandhari, wakatulia mpaka mpiga picha aridhike, kwa kuwa kila picha ilikuwa na gharama ya filamu, karatasi na dawa.

Kutokana na gharama hiyo, albamu nyingi za zamani zimejaa sherehe na hazina maisha ya kawaida. Ni nadra kumkuta humo bibi akiwa juu ya mbuzi akikuna nazi, babu akicheza bao barazani, au mama amejifunga kanga ya kazi huku akichochea moto, ilhali hayo ndiyo ambayo wajukuu huyauliza zaidi wanapotaka kujua wazee wao waliishije. Simu ya mkononi imeondoa kikwazo hicho, na familia inayopiga picha za jiko lake, za ua wake na za mikono ya fundi wake akiwa kazini inajiwekea hazina ambayo studio haikuweza kuitoa.

Picha zilizoko kwenye karatasi zina maadui wake. Picha nyeusi na nyeupe hutokana na chembechembe za madini ya fedha zilizoshikwa ndani ya jelatini, yaani utando unaotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Picha ya rangi ina tabaka za rangi za kemikali ambazo huchujuka hata zikiwa gizani, kila moja kwa kasi yake, na ndiyo maana picha nyingi za miaka ya 1970 zimeiva wekundu, kwa kuwa rangi ya samawati iliyokuwamo imetangulia kufifia. Jelatini nayo ni chakula cha kuvu, ambayo huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hivi kwa siku nyingi, jambo la kawaida mwambaoni. Kwa hiyo sanduku la picha halifai kuegemezwa kwenye ukuta unaovuja wala kuwekwa sakafuni. Albamu zenye kurasa za gundi zilizofunikwa plastiki, ambazo zilipendwa sana, huharibu picha polepole, na picha iliyoganda humo haivutwi kwa nguvu, bali hupitishiwa chini yake uzi mwembamba wa kusafishia meno hadi iachie. Negativu zisitupwe kamwe, kwa sababu huweza kutoa nakala iliyo bora kuliko picha iliyokwisha kuchujuka.

Picha za simu hazichujuki, lakini hupotea kwa mkupuo, simu inapoibwa au kutumbukia majini. Tena picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, ikapoteza sehemu ya ubora wake pamoja na taarifa za tarehe na mahali zilizofichwa ndani ya faili, hivyo picha zilizosambazwa kwenye kundi la ukoo zisihesabiwe kuwa zimehifadhiwa. Kanuni ya wahifadhi ni kuwa na nakala 3, katika vifaa vya aina 2 tofauti, na 1 kati ya hizo ikae mahali pengine, kama vile kwa ndugu wa mji mwingine au katika hifadhi ya mtandaoni. Zilizo bora zichapishwe kwenye karatasi, hata zikiwa chache.

Hata hivyo, hasara kubwa kuliko zote ni ya majina. Picha iliyohifadhiwa vizuri, ambayo hakuna aliye hai anayeweza kusema waliomo ni nani, imekwisha kutoka mikononi mwa familia. Majina, mahali na mwaka huandikwa nyuma ya picha kwa penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya na kuacha doa. Wahusika waulizwe pia ni picha zipi zisionyeshwe nje ya nyumba, maana familia nyingi za mwambao huona picha za wanawake wao kuwa jambo la sitara, na hifadhi isiyojali heshima hiyo huwafanya wazee wazifiche au wazichome. Kila familia ambayo bado ina mzee anayezitambua sura za zamani na imkalishe mapema, Idi hii au likizo hii, imwonyeshe picha moja baada ya nyingine, na irekodi sauti yake akiwataja.